Bagamoyo: Anzieni Makaburini



Wanaohiji Bagamoyo hukimbilia mnara wa kanisa la kale, ulimolazwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874, baada ya Chuma, Susi na wenzao kuubeba kutoka Chitambo. Nawasihi mwanzie makaburini. Wamisionari wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni mwaka 1868, wengi walikufa vijana kwa homa. Waliwanunua watumwa, hasa watoto, wapate kuwa huru. Na fedha ile iliingia mfukoni mwa mwuzaji yuleyule. Jambo hilo hunisumbua kila nisimamapo pale. Mbuyu umemeza mnyororo (wa punda, wasimulia, si wa watumwa). Kaole nako, penye magofu ya msikiti wa kale, tuingie kwa adabu ileile.