Asilimia 80 ya Watoto Gani?

Nilizaliwa Chilonwa mwaka 1961, nikakua nikichunga ndama wa baba. Operesheni Dodoma ya 1971 ilipotuhamishia kijiji cha ujamaa, shule ikawa jirani na mzee akakosa sababu ya kunizuia. Nikasoma, nikapita Chuo cha Ualimu Mpwapwa, nikatoka na cheti cha Daraja la III A. Mengine ya utoto wangu yanafanana na ya kila mtoto wa Ugogo wa wakati ule, sitayarefusha.

Nimeshika kalamu kwa sababu Mwalimu Mkuu aliyenifundisha kazi alizikwa mwaka jana kwao Kondoa. Msibani wasemaji walisifu nidhamu yake na usafi wa shule yake. Hakuna aliyetaja madaftari yake, na mimi nilikuwa nyuma kabisa, sikupewa nafasi ya kusema. Basi niseme hapa.

Vikao vya walimu vya mwanzo wa mwaka vina azimio ambalo kila mwalimu wa nchi hii analijua: kuinua kiwango cha taaluma. Mama, kama tulivyomwita Mwalimu Mkuu huyo sote, wakubwa kwa wadogo, hakukubali liingie kwenye muhtasari. Aliuliza: kuinua kutoka wapi mpaka wapi, mpaka lini, na akina nani watashika lipi? Asiyeweza kujibu aliambiwa aketi, akafikiri, azungumze tena kesho.

Jibu lilitafutwa chini ya mkwaju. Tuliweka viti viwili, mtoto akaitwa mmoja mmoja, akapewa kadi yenye ngazi tano: herufi, silabi, neno, sentensi, habari fupi. Mwalimu wa darasa la pili aliwasikiliza wa darasa la tatu, na wa la tatu akawasikiliza wa la pili, kwa kuwa hakuna anayemsikiliza mwanafunzi wake bila kumsaidia kwa macho. Kadi aliziandika Mama mwenyewe usiku wa kuamkia siku ile, maana watoto wengi walikuwa wamekariri kitabu kizima na wangeweza kukisoma hata kikiwa juu chini. Mtoto alipokwama, jina lake liliandikwa kwenye kaunta buku chini ya ngazi aliyokwamia. Hakuandikiwa alama wala daraja, ni jina tu.

Ndipo walimu wa madarasa ya chini tulipoketi kuweka lengo. Tuseme majina 19 yako kwenye silabi. Tuliyapitia jina kwa jina. Huyu anafika kwenye sentensi, huyu pia. Huyu hasikii vizuri, akae mbele, lengo lake mwaka huu liwe neno. Huyu haonekani shuleni tangu uwele ulipoanza kutoa masuke, nani atakwenda kwao? Tulipomaliza tulikuta 15 wanaoweza kufika, na hapo tu ndipo 15 iliandikwa, pamoja na jina la mwalimu atakayekaa nao kila siku kabla ya vipindi. Nimeona malengo mengi yakiwekwa tangu hapo. Mengi huanza na namba, kisha watoto hutafutwa waijaze.

Kupima tena kulifanyika mwishoni mwa Agosti, na hapo Mama alivutana sana na wakubwa waliotaka takwimu za Machi. Alizituma walizotaka, kwa wakati, lakini lengo letu hakulisogeza. Ugogo tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili. Februari na Machi ghala nyingi huwa tupu na mtoto huja shuleni hajala. Nafaka inapokomaa mtoto huitwa shambani kuamia ndege. Ukimpima wakati huo unapima njaa na kwelea kwelea. Baada ya mavuno anarudi, ameshiba, unajua umemfundisha nini.

Mwaka 2013 ukaja mpango wa Matokeo Makubwa Sasa. Nchi ilikuwa imeumia: wa darasa la saba la 2012 walifaulu asilimia 31 tu. Serikali ikatangaza ufaulu uwe asilimia 60 mwaka huohuo, 70 mwaka 2014, 80 mwaka 2015, na shule zote zikapangwa kwa nafasi. Sikuwa na ugomvi na nia hiyo. Kutaja namba na mwaka hadharani ulikuwa ujasiri, na ufaulu ulipanda kweli. Lakini katika kikao kimoja cha walimu wakuu nilichohudhuria pamoja naye, kiongozi mmoja alipomaliza kusoma malengo, Mama alisimama akauliza: asilimia 80 ya watoto gani?

Ukumbi ulinyamaza. Alijibiwa kuwa ni ya watakaofanya mtihani. Akasema kwake yeye ni ya walioandikishwa darasa la kwanza, akaketi. Baada ya kikao alishauriwa pembeni kwamba wanafunzi wazito wa darasa la sita wanaweza kukariri mwaka. Alikataa. Shule nyingine ikapanda ngazi na kupongezwa, na waliokuwa karibu nayo walijua darasa lake la saba lilikuwa limepungua. Mama hakupongezwa, akastaafu hivyo hivyo.

Miaka kadhaa baadaye watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichunguza mpango ule wa kupanga shule. Waliona kwamba shule za mkiani katika wilaya zao zilipandisha ufaulu, na waliona pia kwamba idadi ya watahiniwa wao ilipungua. Niliposikia habari hiyo nilitamani angekuwa bado na nguvu za kusimama ukumbini.

Vijana mnaofundisha sasa mna jumuiya za ujifunzaji ndani ya shule, jambo ambalo sisi tulilifanya kwa kuibia muda. Zitumieni kuweka lengo la pamoja! Mtoto wa darasa la tatu asiyesoma amepita mikononi mwa walimu watatu. Ukiibandika namba yake kwenye fomu ya mmoja, huyo atajitetea na wale wawili watanyamaza. Msikubali lengo ambalo hamuwezi kutaja majina yaliyomo ndani yake. Na msimfiche mtoto yeyote ili namba ipendeze. Huo ni wizi, na anayeibiwa ana miaka 13.

Rafiki yangu mmoja, mstaafu kama mimi na mwalimu wa taaluma hodari, bado tunabishana naye kila tukikutana sokoni Majengo. Anasema majina hayawezi kulinganisha shule na shule, na kwamba bila asilimia wilaya inatembea gizani. Namwambia ilinganishe, lakini pembeni ya kila asilimia ichapwe idadi ya walioandikishwa darasa la kwanza, wangapi wamehama na wangapi hawajulikani walipo. Anasema takwimu hizo zitawavunja moyo walimu. Mimi nasema wapo waliovunjwa moyo kabla yao, wakiwa darasa la sita. Mpaka leo hajakubali, na sijaacha kumwambia.