Tulicheza na wanga wa muhogo

Watoto wetu wa Jumamosi hapa Mantapala waliona kwenye simu ile kitu ya rangi inayovutika kama chingamu na kudunda kama mpira. Wakatusumbua wiki nzima: tutaipata wapi? Sokoni Nchelenge hatujawahi kuiona, na hata ingekuwepo, pesa iko wapi?

Tukawaambia kwanza ilikotoka. Mwaka 1943, wakati wa vita kuu, mpira wa Asia ulikuwa hauwafikii Wamarekani. James Wright wa kampuni ya General Electric akawa anatafuta jinsi ya kutengeneza mpira mwingine. (Miaka hiyohiyo babu zetu Kongo walikuwa wanalazimishwa na Wabelgiji kuingia porini kutafuta mpira wa mwitu.) Wright hakupata mpira. Alipata kitu ambacho ukikivuta polepole kinarefuka, ukikivuta ghafla kinakatika.

Sisi tuko na muhogo. Luapula yote ni muhogo. Tulichangishana kwacha, tukanunua muhogo mtamu, si ule mchungu, maana watoto wanalamba vidole. Tukaukwangua, tukauosha kwa maji, tukakamua na kitambaa, tukayaacha maji yatulie. Chini inabaki wanga mweupe. Tukauanika juani. Siku ya pili, vikombe 2 vya wanga kwa kikombe 1 cha maji baridi. Mara ya kwanza tulizidisha maji, ikawa uji tu, watoto wakacheka sana.

Mara ya pili ikakubali. Ukizamisha kidole polepole kinaingia. Ukipiga ngumi, beseni linakuwa gumu kama udongo! Ukiuviringisha haraka mikononi ni mpira, ukiacha tu, unatiririka kati ya vidole.

Sababu ni hii: chembe za wanga haziyeyuki kwenye maji baridi. Ukienda polepole zinapishana. Ukipiga, zinakosa nafasi ya kupishana, zinabanana na kukwama, kama sisi wenyewe mlangoni siku ya mgao. Mtoto mmoja aliyezaliwa Pweto akasema, ni kama mchanga wa ufukweni Mweru: ukikanyaga mchanga wenye maji, unakauka kuzunguka mguu. Hatukuwa tumemfundisha hiyo. Na ni kweli, pale pia chembe zinasukumana. Halafu akauliza kama ziwa lingekuwa wanga, mtu angekimbia juu yake mpaka Kongo bila mtumbwi. Tukamwambia angeweza, kama asingesimama. Wakubwa waliokuwa karibu walinyamaza.

Sasa, mama mmoja akapita. Akatazama beseni, akasema: "Banyinyi, munacheza na bunga wakati batoto banalala njala?"

Hatukuwa na jibu. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na kila mtu anajua mwisho wa mwezi ukoje. Tulifikiria hata kuacha kabisa. Lakini wanga wenyewe ukatusaidia: kwa sababu hauyeyuki, ukiuacha unatulia tena chini. Unamwaga maji, unauanika siku hiyohiyo kabla haujachacha, unauweka kwenye kopo. Ule wanga mmoja tumeutumia Jumamosi nne, hatujanunua mwingine.

Tulimwita yule mama aone. Akapiga ngumi mara moja, akapiga ya pili, akacheka kidogo. Kisha akafuta mkono na kitenge, akasema: "Ni bunga tu." Hatukubishana naye.

Jumamosi ya nne wanga ulikuwa umechafuka na mikono ya watoto, hauliki tena. Tukauchemsha na maji, tukikoroga mpaka ukawa mzito na kung'aa. Hapo chembe zinavimba na kupasuka, hazirudi chini tena, inakuwa gundi. Tumebandika majalada ya madaftari 11, pamoja na la binti yake yule mama. Mengine bado yanakauka kwenye dirisha.