Mtoto wa Mama Pombe

Barua ya kuitwa kazini kwenye kiwanda cha bia niliisoma nikiwa chooni. Usicheke, ndugu msomaji. Kwa baba mdogo, Tabata, nilikokuwa nakaa bure, hapakuwa na mahali pengine pa kusomea kitu kama hicho. Baba mdogo ni mzee wa kanisa. Kwake bia haitajwi hata kwa utani. Nikamwambia nimepata kazi kiwanda cha vinywaji. Sikudanganya sana, au vipi?

Nilikwenda na stashahada yangu ya maabara, nikijiona bosi tayari. Siku ya kwanza nikakabidhiwa mabuti ya mpira na brashi. Kumbe bia, kabla ya yote, ni usafi. Uchafu kidogo ukibaki kwenye bomba, tangi zima linaweza kuchacha. Wiki tatu ikawa kusugua, kusuuza, kusugua tena.

Wiki ya nne msimamizi wa zamu, tuliyemwita Mzee tu, akatuuliza sisi wageni: "Kimea ni nini?" Mshikaji mmoja mwenye digrii akamwaga vimeng'enya, wanga, sukari, nyuzi 65. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Ni nafaka iliyoloweshwa ikaota, ikakaushwa kabla mmea haujala utamu wake."

Mzee akanitazama. "Hiyo umesoma wapi?"

Nikanyamaza. Sikusoma popote. Mama yangu, kule Kibosho, alipika mbege. Ulezi aliulowesha, akaufunika mpaka uote, akauanika. Ndizi mbivu zikachemshwa, zikalazwa siku kadhaa, zikachujwa, zikachanganywa na uji wa kimea kile. Magome ya msesewe yakaleta uchungu. Kiwandani ni shayiri badala ya ulezi, hopsi badala ya msesewe. Shuleni waliniita Mtoto wa Mama Pombe, nami nikaapa sitaigusa kazi ile maishani.

Mwezi wa pili brashi iliniponyoka, ikaangukia ndani ya tangi lililotoka kumwagwa bia. Nikainama niingie. Mzee akanidaka ukosi, akanitupa nyuma kama gunia. "Unataka kufa?" Hamira ikila sukari hutoa kilevi na hewa ya kaboni dioksaidi. Hewa hiyo haina rangi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hii tunayovuta, hulala chini ya tangi. Mtu akiiingia, anazimika kabla hajaita.

Nilikaa sakafuni, magoti yakitetemeka, nikamkumbuka mama. Hakuniruhusu kamwe kuingiza kichwa kwenye pipa. Miaka yote nilidhani ananinyima kuonja.

Jioni ile nikamwambia baba mdogo ukweli. Hakufoka. Alisema tu, "Hapa kwangu utatoka mwisho wa mwezi."

Nikampigia mama simu. Alinyamaza, kisha akacheka kidogo. "Ada yako ilitoka kwenye pipa, mwanangu, unajua. Sasa muulize baba yako mdogo ya kwake ilitoka wapi. Bibi yako aliuza mbege sokoni mpaka anazeeka."

Sijamuuliza. Nimepanga chumba Buguruni, naanika ovaroli yangu dirishani. Ina harufu ya kimea, na majirani wameanza kuuliza nafanya kazi gani. Nawaambia: napika pombe.