Asma ilikuwa imelala tu

Tunaandika wawili, mke na mume: baba ameshika kalamu, mama anasahihisha. Mgonjwa ni yeye mama, na amekubali habari hii isomwe na kila familia.

Mama alizaliwa Goma mwaka 1987. Utotoni alikuwa na pumu, ile tunayoita asma. Usiku alilala amekaa, mgongo ukutani, bibi yake akimchemshia majani. Alipofika miaka 12 hivi ikaacha yenyewe. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipolipuka na moto wake ukapita katikati ya mji, alikimbia kwa miguu mpaka Gisenyi pamoja na umati wa watu, akivuta ule moshi unaonuka kiberiti, na kifua hakikulia hata kidogo. Kwao wakasema, basi, amepona.

Kwa hiyo mwaka 2010, wakati wa mahari, hakuna aliyetaja asma. Shangazi zake walimwambia anyamaze, maana watu wanaogopa kuoa ugonjwa wa ukoo. Akanyamaza. Watoto watatu, miaka 13 ya ndoa, na mume hajui neno.

Mwaka 2023 vita ilitutoa Masisi tukafika Nkamira, hapa Rubavu. Tulilala kwenye hanga na familia zingine nyingi. Baridi ya usiku ya huku mnaijua. Mama alianza na mafua. Mafua yakaisha, kikohozi kikabaki, hasa saa tisa za usiku, mpaka watoto wakazoea. Akibeba jerikani ya maji alikuwa anasimama mara mbili njiani, eti anafunga kiatu. Kumbe anatafuta pumzi. Mahali tulipokwenda kutibiwa walitupa dawa ya kikohozi, mara ya pili wakasema ni mawazo ya vita. Tukaamini. Nani hapa hana mawazo?

Jioni moja ya mvua kuni zilikuwa mbichi. Baba akaingiza jiko ndani. Moshi ukajaa, mama akatoka nje, akainama, mikono kwenye magoti, kifua kinapiga filimbi, hawezi kumaliza hata sentensi. Jirani mmoja akasema amelishwa sumu, anyweshwe maziwa haraka. Maziwa yakaletwa kweli! Mama akayasukuma kwa mkono, akatoa neno moja moja: «Ni... asma... ya zamani.»

Mjini Gisenyi walimwekea oksijeni na dawa ya mvuke kwa maski. Asubuhi daktari alituelezea kwamba pumu ya utotoni inaweza kulala miaka mingi bila kufa. Njia za hewa zinabaki rahisi kuchokozwa. Mafua, moshi, vumbi, baridi, kimoja kinatosha kuiamsha. Kwa watoto, wavulana ndio wanaougua zaidi, lakini kwa watu wazima ni wanawake.

Siku tatu hatukuongea vizuri. Baba hakuukasirikia ugonjwa. Kilichomuuma ni kwamba lile jiko aliliingiza yeye, na hakuna aliyemwambia.

Tulipewa pompi mbili. Ile ya bluu, salbutamol, inafungua kifua kwa dakika chache. Ya pili ni ya kila siku, inapunguza uvimbe ndani ya njia za hewa, na baada yake unasukutua mdomo. Hapo tulikosea: mama alitumia ya bluu peke yake, kwa sababu ndiyo unayoisikia ikifanya kazi. Baada ya mwezi kikohozi kikarudi. Kumbe tangu mwaka 2019 wataalamu wa pumu wa dunia wanasema mtu mzima asitibiwe kwa ile ya bluu peke yake.

Muuguzi mmoja alituonyesha pia chupa ya plastiki ya nusu lita. Unatoboa kitako chake kwa waya wa moto, tundu lienee barabara mdomo wa pompi, unaziba pembeni kwa plasta. Midomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, unavuta pumzi polepole mara nne au tano, ndipo unabonyeza tena. Tulidhani ni mchezo wa maskini, lakini madaktari wa Cape Town waliipima kwa watoto wenye pumu na kuitangaza mwaka 1999: inafanya kazi kama ile ya dukani. Yetu inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Na watoto wanajua: mama akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikageuka rangi, au pompi isipomsaidia, wakimbie kuita watu, wasingoje asubuhi.

Jiko sasa linabaki nje, hata mvua ikinyesha. Siku zingine tunakula tumechelewa, na watoto wananung'unika.

Binti yetu wa pili ameanza kukohoa akikimbia. Juma lililopita tulimpeleka kituo cha afya, na mama alitaja asma pale mlangoni, kabla hajaulizwa kitu.