Mkono wa Baba na Fimbo Saba

Katika ukurasa huu wa familia tumezoea kusoma habari za malezi, ndoa na mirathi. Leo naomba ruhusa ya kuzungumzia jambo linaloweza kuonekana dogo na geni: namna ya kubadilisha mipira ya kushikia katika fimbo za gofu. Ninayo sababu, nayo utaiona mbele ya safari.

Baba yangu alikuwa kedi. Kwa asiyeijua kazi hiyo, kedi ni mtu anayembebea mchezaji wa gofu mfuko wa fimbo, akatembea naye mashimo yote 18, akampimia umbali kwa macho, akamshauri fimbo ya kutumia, na kumtafutia mpira unapopotelea nyasini. Baba aliifanya kazi hiyo hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka 30. Unga wetu, kodi ya nyumba, ada na madaftari, vyote vilipitia katika bega lake la kulia, ambalo hadi leo lina alama ya mkanda wa mfuko.

Nami nilikuwa nikiona haya. Wenzangu walikuwa na baba makarani, walimu na wenye maduka. Wangu aliwabebea watu mizigo ya mchezo. Nilipoingia kidato cha kwanza tulipewa fomu ya kujaza, na penye nafasi ya kazi ya mzazi niliandika "mfanyabiashara". Neno lile moja nililibeba moyoni kwa miaka mingi, na uzito wake haukupungua.

Miaka miwili iliyopita Baba alipata kiharusi. Mwenyezi Mungu alimnusuru: ulimi wake ulibaki salama na mguu ukarejea taratibu. Kilichokataa ni mkono wa kushoto. Vidole vilikunjika nusu ya njia, kisha vikasita. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa kipira laini cha kufinya asubuhi na jioni. Baba alikipokea kwa adabu, akakiweka dirishani, na hakukigusa tena. Mama aliponong'ona kwamba kipira kinaota vumbi, alimjibu, "Mama Fulani, mimi si mtoto wa kuchezea mpira wa sponji." Akazidi kukaa ndani, akazidi kunyamaza.

Jioni moja, baada ya Alasiri, nilimkuta uani peke yake. Alikuwa ameutoa mfuko wake wa zamani, wenye fimbo saba alizoachiwa na mchezaji mmoja mgeni aliyekuwa akirejea kwao. Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji kuwa na fimbo zisizozidi 14, lakini Baba hupenda kusema kwamba anayejua atatosheka na nusu yake. Alikuwa ameshika fimbo ya chuma namba saba. Kwa mchezaji anayetumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto ndio unaokaa juu na kuitawala fimbo. Aliinua kidogo, fimbo ikazunguka kiganjani kama samaki aliyetoka majini, ikaanguka. Aliinama kuiokota kabla sijamfikia.

Niliichukua nikaitazama. Ule mpira wa kushikia, ambao makedi huuita gripu, ulikuwa umekauka, ukang'aa kama kioo, na nyufa zimeuzunguka. Mpira huzeeka kwa jasho, kwa mafuta ya ngozi, kwa jua na joto. Ukishakuwa hivyo hauushiki mkono. Mkono ndio unaolazimika kuukaba kwa nguvu. Na kukaba ndiko kulikomshinda Baba. Nikamwuliza, "Baba, gripu ikiwa nene zaidi, si utahitaji kufinya kidogo tu?" Alinitazama kwa muda. "Nani amekufundisha hayo?" Nilimwambia nimefikiri tu. Akasema, "Wazee wenye baridi yabisi tulikuwa tukiwanenepeshea hivyo hivyo."

Nilimwagiza ndugu yetu aliyekuwa akitoka Nairobi aniletee gripu saba na utepe wenye gundi pande mbili. Kazi yenyewe niliamua kuifanya kwa mikono yangu, ingawa fundi angeifanya kwa muda mfupi na kwa unadhifu zaidi. Nilihisi nina deni ambalo halilipwi kwa kumtuma mtu.

Kazi huanza kwa kuivua gripu ya zamani. Hutumika kisu chenye ncha iliyopinda, mfano wa kile cha kukatia mazulia. Unapasua kwa urefu, ukikielekeza kisu mbali na mwili, kisha unabandua mpira kama ganda la muhogo. Chini yake hubaki utepe mkavu uliogandamana na chuma. Huo ndio unaochosha. Niliazima mashine ya kukaushia nywele ya mke wangu, nikaupasha moto hadi gundi ikalainika, nikaukwangua. Fimbo ya kwanza ilinichukua saa nzima. Baba alikaa kwenye kiti chake kibarazani, akajifanya anasikiliza redio.

Bomba la fimbo, pale juu linaposhikiwa, lina upana wa takriban milimita 15. Utepe wenye upana wa sentimita 5 ukilazwa kwa urefu wa bomba hulizunguka lote karibu bila kuzidi. Unaacha kipande kidogo kipite mwisho wa bomba, ukikunje na kukiingiza ndani ya tundu. Kwa gripu ya kawaida tabaka moja linatosha. Kila tabaka la ziada huongeza unene usiofikia nusu milimita; ni kitu kidogo kwa macho, lakini kiganja hukitambua mara moja. Kwa ajili ya Baba niliweka matabaka manne ya ziada.

Hapo ndipo nilipokosea. Gripu haivikwi ikiwa kavu, kwani utepe utaing'ang'ania njiani. Sharti ulowanishe utepe na ndani ya gripu kwa kimiminika kitakachoifanya iteleze, kisha kikauke na kuiacha gundi ishike. Nilikuwa na mafuta ya taa nyumbani, nikayatumia. Gripu iliingia vizuri ajabu, nami nikajisifu. Baada ya siku mbili nilimpelekea Baba fimbo ile. Aliinusa tu, wala hakuishika. "Umetia mafuta ya taa," akasema. "Hayakauki hayo, yanabaki." Akaizungusha kwa mkono wake mzima, na gripu ikazunguka pamoja nao.

Nilidhani atacheka. Badala yake alinyanyuka, akaja kukaa kwenye kigoda kando yangu. "Kanunue tapentaini ya rangi," akaniambia. "Petroli usiithubutu, na kazi yote uifanyie hapa nje, mbali na jiko. Halafu niletee kijiti cha kuwekea mpira. Kimo katika mfuko wa pembeni."

Kuanzia hapo mikono ilikuwa yangu na ujuzi ulikuwa wake. Kijiti kile ni cha kuziba tundu dogo lililo kwenye kisigino cha gripu. Unamimina tapentaini ndani, unaziba mdomo wake kwa kidole, unatikisa, kisha unaimwaga yote juu ya utepe hadi ulowe. Unaivika gripu kwa msukumo mmoja bila kusita mpaka kisigino kigote kwenye bomba. Zipo dakika chache tu za kuinyoosha ili alama zake zilingane na uso wa fimbo. Kisha inaachwa ikauke hadi kesho yake. Baba alikuwa akifumba jicho moja na kutazama kwa mbali. Fimbo ya tano aliikataa. "Imekwenda kushoto upana wa unywele." Nikaivua ingali imelowa, nikaivika upya.

Tulipokuwa tukifanya kazi alianza kusimulia. Aliniambia juu ya Harry Vardon, bingwa wa Uingereza ambaye mtindo maarufu wa kushika fimbo, wa kidole kidogo cha mkono wa chini kulala juu ya mkono mwingine, unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1913 Vardon alikwenda Marekani kushindania ubingwa wa nchi ile, akashindwa na kijana wa miaka 20, Francis Ouimet, aliyekulia nyumba iliyotazamana na uwanja na aliyewahi kuwa kedi hapo hapo. Mfuko wa Ouimet siku ile ulibebwa na mtoto wa miaka 10, Eddie Lowery. "Watu husema Ouimet alishinda," Baba alisema. "Makedi husema walishinda wawili."

Sikuwahi kuisikia habari hiyo. Miaka yote ile niliyoishi naye sikuwahi kumwuliza lolote kuhusu kazi yake, na mtu asiyeulizwa hukoma kusimulia.

Nikaweka fimbo chini. Nikamwambia, "Baba, nilipokuwa kidato cha kwanza niliandika kwenye fomu kwamba wewe ni mfanyabiashara."

Alikuwa akifuta gripu ya sita kwa kitambaa. Hakuacha kufuta. "Najua," akasema. "Fomu ile ilihitaji sahihi ya mzazi. Niliisoma, nikatia sahihi."

"Hukuniambia kitu."

"Ningekwambia nini, mwanangu? Nilisema moyoni, akikua ataisahihisha mwenyewe." Akanyoosha mkono. "Nipe ya saba."

Sikuweza kusema neno. Nilimpa ya saba.

Kesho yake asubuhi, gripu zilipokuwa zimekauka, Baba alisimama uani na fimbo ile ile iliyomwanguka. Aliupanga mkono wa kushoto kwanza, kidole kimoja baada ya kingine, akivisaidia kwa mkono wa kulia. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Vidole vyake havikufunga vyote, lakini sasa havikuhitaji kufunga vyote, kwa kuwa mpini ulikuwa umevifuata pale vilipoishia. Aliinua fimbo hadi usawa wa kiuno, akaishusha kwa upole. Haikuzunguka. Akarudia. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi, na chai ikapoa.

Siwezi kukuambia kwamba Baba amepona, wala sidai kuwa mpira na utepe ni tiba. Mkono wake bado ni mzito. Lakini kila jioni sasa hutoka uani na kuinua fimbo mara 20, akihesabu kwa sauti, na mtaalamu wake amesema zoezi ni zoezi, liwe la kipira au la fimbo. Mwanangu mwenye miaka tisa humwosheshea gripu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni na kuzikausha kwa taulo, kama makedi wafanyavyo, ili zisikauke upesi kama zile za mwanzo.

Wiki iliyopita mtoto huyo alileta fomu ya shule inayouliza habari za familia, na kazi ya babu ikiwamo. Alikuja kuniuliza aandike nini. Nilimwambia amwendee mwenyewe kibarazani, akamwulize, naye aandike kama atakavyotamkiwa.