Baiskeli Mbili za Barabara ya Horohoro

Tanga ni mji wa baiskeli, na sababu zinaonekana kwa macho. Ardhi ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba badala ya majina, na hakuna kilima cha kumtoa mtu pumzi. Mama anakwenda sokoni kwa baiskeli na baibui lake, mzee anakwenda msikitini kwa baiskeli na kanzu yake, na hakuna anayegeuka kuwatazama. Lakini miaka ile, ukishatoka mjini ukashika njia ya Mombasa, ukapita Amboni, mambo yalikuwa mengine.

Nilipangiwa kufundisha shule ya msingi mbele ya Mabokweni wakati barabara ya Horohoro ingali ya udongo. Masika tope lilijaa kwenye madigadi hadi gurudumu likagoma kuzunguka. Kiangazi lilikuwa vumbi, na chini ya vumbi mikunjo kama ya bati, inayoanzia matakoni na kuishia kwenye meno. Tulikaa Makorora kwa kuwa mke wangu alikuwa na kazi mjini, kwa hiyo kila asubuhi ya shule nilikuwa njiani kabla jua halijachomoza. Haisi zilikuwepo. Zilisubiri kujaa kwanza, na mwalimu mkuu wetu hakuwa mtu wa kusubiri.

Nilianza na Foniksi aliyoniachia baba. Siisemi vibaya, baiskeli ile ilibeba magunia, wagonjwa na maharusi. Lakini breki zake ni za vyuma virefu vyenye viungo vingi, na kwenye mikunjo ile kila kiungo kililegea kwa zamu. Siku nyingine niliwasili shuleni na nati mfukoni. Hapo ndipo nilipokwenda kwa wauza mitumba karibu na soko la Mgandini, mahali makontena yalipomwaga friji, magodoro na baiskeli kwa mkupuo mmoja, nikachagua baiskeli ya gia.

Ilikuwa ya bluu, matairi mapana yenye meno, shokapu mbele na nyingine katikati ya fremu. Nzito kama dhambi, alisema fundi wangu, mzee aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwarobaini Ngamiani, na karai lake la maji, tupa, spana na kopo la solesheni. Hata hivyo aliikubali upesi, kwa sababu moja tu: tairi la ishirini na sita lilipatikana kila mahali. Hata duka la kijijini, lile linalouza chumvi, viberiti na mafuta ya taa, lilining'iniza moja au mawili mlangoni.

Baadaye sana nilisoma asili ya baiskeli hizi, nikacheka peke yangu. Katika miaka ya 1970 vijana wa Marin, jimbo la California, walichukua baiskeli nzito za zamani, nyingi za Schwinn, wakawa wanateremka nazo milimani kwa kasi ya wendawazimu. Breki za kwenye habu zilipata moto hadi grisi ikaungua, ikabidi habu ipakwe grisi upya baada ya mteremko, na mashindano yao yakaitwa Repack kwa ajili ya kazi hiyo. Mwaka 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, na baiskeli ya milimani ikawa bidhaa ya dukani. Yaani wale walikuwa na lami hadi mlangoni, wakaiacha kwenda kutafuta mawe na vumbi kwa raha zao. Sisi mawe na vumbi vilikuwa njia ya kwenda kazini, na mabaki ya mchezo wao ndiyo yaliyotufaa kuliko chombo chochote kilichoundwa kwa kutufikiria.

Februari 2008 Rais Bush alikuja Dar es Salaam, na yeye na Rais Kikwete wakatia saini mkataba wa dola milioni 698 za Millennium Challenge. Barabara ya Tanga hadi Horohoro, kilomita 65 hivi, ilikuwa mojawapo ya zilizotajwa. Kijijini waliamini pale walipoliona greda. Ukaja msimu mrefu wa michepuko, maboza ya kumwaga maji, na vijana wa kupeperusha vibendera vyekundu na vya kijani ambao kila mwalimu alikuwa amewahi kumfundisha mmoja wao. Kipindi hicho baiskeli ya bluu ilikuwa mfalme. Magari yalikwama, mimi nikapita pembeni juu ya kifusi.

Kisha lami ikakamilika, na mfalme akavuliwa taji.

Sikutegemea kwamba barabara nzuri ingenichosha. Meno ya matairi yalivuma juu ya lami tangu Amboni hadi shuleni. Shokapu ya katikati, isiyokuwa na shimo la kulainisha, ikaanza kunywa nguvu za miguu yangu: nikikanyaga pedali, kiti kinazama kwanza, ndipo baiskeli inakumbuka kwenda. Vijana wenye Foniksi walinipita wakipiga kengele. Foniksi! Zile zile nilizozikimbia. Magurudumu yao makubwa na membamba yalikuwa yameipata barabara yao tena.

Nikaanza kudunduliza. Muuzaji wa Kariakoo aliniuzia baiskeli mpya aliyoiita haibridi: fremu ya alumini, usukani ulionyooka kama wa ile ya milimani, magurudumu makubwa kama ya baiskeli za mashindano ila mapana kidogo, na shokapu hakuna. Ilifika Tanga kwenye buti la basi, ndani ya boksi. Fundi aliiunga huku watoto wa mtaa wamemzunguka, akaiinua kwa mkono mmoja.

"Shikamoo baiskeli," akaiambia, nasi tukacheka. Kisha akainama kusoma maandishi ya ubavuni mwa tairi, na kicheko chake kikakoma kabla ya chetu.

Alikuwa amesoma 700. Hakuna aliyekuwa akiuza namba hiyo Ngamiani. Nilimtuliza kwamba kwa macho ni sawa na ishirini na nane za Foniksi, na hizo zilijaa tele. Alitikisa kichwa, akaenda duka la jirani kuazima tairi la Foniksi, akalivisha kunionyesha. Liliingia bila spana, kwa vidole tu, likapwaya. Alipotia upepo kidogo likapanda upande mmoja kama kofia iliyokaa vibaya, akafungua valvu haraka tyubu isije ikapasuka. Ringi ya Foniksi ina kipenyo cha milimita 635, ya haibridi 622. Milimita 13 hizo zilitosha kunitenga na maduka yote ya mji.

"Umenunua baiskeli, mwalimu. Sasa tafuta na ndugu zake."

Lami nayo ilikuja na chupa zinazotupwa kutoka kwenye magari, na haikupita muda kipande cha chupa kikachana tairi la nyuma ubavuni, mahali pasiposhika kiraka. Nikarudi kwenye ile ya bluu, ikanibeba bila kinyongo, huku nikiuliza kila mtu aliyekuwa na jamaa Dar. Tairi lilitokea upande mwingine kabisa: dereva wa basi la Mombasa alilipata huko, akalipitisha mpakani Horohoro likiwa limefungwa juu ya mizigo ya abiria. Nilimwagiza mawili zaidi.

Ile ya bluu ilinunuliwa na mchuuzi wa samaki. Yeye hatumii lami sana. Samaki wanatoka pwani, na njia za kuteremkia huko bado ni mchanga na mizizi. Alimwambia fundi atoe shokapu ya katikati, aweke kipande cha chuma na kukichomelea, gia abakize moja, na nyuma afunge keria ya nondo inayoweza kubeba tenga zima. Gia zilizobaki fundi alizitundika kwenye mwarobaini zikisubiri mteja.

Nilimkuta mchuuzi yule Mabokweni, nikamwuliza baiskeli inakwendaje.

"Inakwenda, mwalimu. Ila breki za mbele hazikushika tangu siku ya kwanza. Wewe ulikuwa unasimamaje?"

Nikamwambia barabara yenyewe ilikuwa inanisimamisha. Nikachukua changu wawili, akanipunguzia bei.