Kigoda Ndani ya Ubongo

Faru alianguka taratibu, kama mzee anayepiga magoti kanisani. Tulikuwa chini katika kreta ya Ngorongoro, karibu na msitu wa Lerai, asubuhi ambayo ukungu ulikuwa bado umeng'ang'ania kingo za juu. Shemeji yangu ni askari wanyamapori. Aliniombea ruhusa ya kushuka na kikosi chake kwa kuwa nafundisha biolojia sekondari hapa Karatu. Mshale wa sindano ulikuwa umempata faru pajani dakika chache kabla. Alitembea, akaanza kuinua miguu juu mno kana kwamba anavuka matope, akayumba, akalala. Wakamfunika macho kwa kitambaa, wakamziba masikio, kazi ikaanza: alama ya sikio, damu, vipimo.

Macho yangu yalikuwa kwenye mikono ya daktari wa mifugo. Alivaa glavu, na karibu yake palikuwa na sindano nyingine iliyokwisha kujazwa ambayo haikuwa ya faru.

"Ile ni yangu, Mwalimu," aliniambia. "Tone la dawa ya mshale likiniingia, shemeji yako anichome ile bila kuniuliza."

Dawa ya mshale huitwa etofini. Nguvu yake inapita ya mofini zaidi ya mara 1,000, na hapo ndipo siri ya kumlaza mnyama wa tani moja kwa miligramu chache ilipo. Kazi ilipokwisha, daktari alichoma dawa ya pili katika mshipa wa sikio. Hazikupita dakika mbili. Sikio likacheza, mbavu zikajaa pumzi ndefu, faru akasimama, akaondoka zake kuelekea kwenye migunga.

Nikauliza nguvu hizo amezipata wapi ghafla hivyo.

"Mimi sijampa nguvu, Mwalimu. Nguvu zake zilikuwapo. Dawa ya kwanza ilikuwa imekalia kigoda ubongoni mwake. Hii ya pili imeinyanyua, ikakaa yenyewe. Ila ikikaa, haifanyi chochote."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo, nikaanza kusoma.

Kigoda kile wanasayansi wanakiita kipokezi. Ni protini iliyopenya ngozi ya seli, upande mmoja nje, mwingine ndani. Molekuli inayolingana nayo inapotua upande wa nje, protini hujipinda kidogo na habari hufika ndani bila molekuli yenyewe kuingia. Wazo hilo lilianza na mishale. Mwaka 1905 John Langley wa Cambridge alifanya majaribio ya nikotini na kurare, sumu ya mishale ya Amerika Kusini, akaona kwamba lazima msuli uwe na kitu maalumu kinachopokea sumu hizo. Sisi wa Karatu tuna haki ya kulielewa wazo hili upesi kuliko wengine. Mwendo mfupi kutoka hapa, kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe hupika utomvu wa mwaridi wa jangwani wakaupaka mishale yao. Sumu yao hushika moyo, si ubongo, lakini kanuni ni ileile: kidogo sana, mahali penyewe.

Kwa miaka mingi vipokezi vya afyuni, jamii ya mofini na etofini, vilisadikiwa tu, hakuna aliyekuwa amevionyesha. Etofini yenyewe ilitengenezwa Scotland mwanzoni mwa miaka ya 1960 na timu ya Kenneth Bentley. Inasimuliwa kwamba siku moja mtu alikoroga chai kwa kijiti cha kioo kilichotoka maabara, na waliokunywa wakaanguka usingizi mzito. Muda si mrefu ikafika huku kwetu. Toni Harthoorn, daktari wa mifugo aliyefanya kazi Makerere na Nairobi, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia kwa faru na tembo.

Kisha ukaja mwaka 1973. Maabara tatu, kila moja kivyake, zilikionyesha kigoda. Huko New York, Eric Simon na wenzake walitumia etofini yenyewe, dawa ya faru wetu, wakiwa wameitia mnururisho ili waifuatilie. Lars Terenius alikuwa Uppsala. Ninayemkumbuka zaidi ni Candace Pert wa Baltimore, mwanafunzi wa udaktari wa falsafa ambaye hata miaka 30 hakuwa amefika. Kazi ilikuwa hivi: unasaga ubongo wa panya, unauchanganya na dawa iliyotiwa mnururisho, unachuja na kuosha haraka, kisha unapima kilichobaki kwenye karatasi ya kuchujia. Alijaribu kwa dawa ya jamii ya mofini, akashindwa mara nyingi, hata msimamizi wake Solomon Snyder akataka aachane nayo. Pert akabadilisha njia. Akachukua naloksoni, dawa inayoikalia nafasi ya mofini bila kufanya kazi yake. Hiyo ilishika, ikabaki, ikahesabika.

Hapo huwa nasimama kidogo darasani. Kigoda kilichotafutwa kwa muda wote ule kilionyeshwa na mgeni aliyekaa kimya. Nimekwenda kwenye misiba mingi ya majirani zangu nikiwa na hofu kwamba sina la kusema. Tangu nilipoisoma habari hii, naketi tu.

Lakini swali kubwa lilikuwa bado. Kwa nini ubongo wa mtu uwe na kigoda cha afyuni, utomvu wa ua? Aliyelitafutia jibu ni Hans Kosterlitz, Myahudi aliyeihama Ujerumani mwaka 1934 akaenda Aberdeen. Pamoja na kijana John Hughes, walichukua bongo za nguruwe machinjioni, wakazichuja na kuzichuja tena, wakijaribu kila walichopata kwenye vipande vya misuli vilivyotingishwa kwa umeme. Mofini huipoza misuli hiyo. Je, kuna kitu cha ubongo wenyewe kinachoipoza vilevile? Kilikuwapo. Mwaka 1975 walitangaza enkefalini, vinyororo viwili vifupi vya asidi amino tano tano. Kosterlitz alikuwa na miaka 72. Kigoda kilikuwa cha wenyeji tangu mwanzo. Utomvu wa afyuni ulikuwa mgeni aliyefanana nao.

Yote hayo niliyajua. Niliyachora ubaoni mwaka hadi mwaka.

Kisha mama akaugua saratani ya mlango wa kizazi. Tulikwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, akapigwa mionzi, tukarudi naye kijijini upande wa Rhotia. Miezi ya mwisho maumivu yalimkunja. Muuguzi wa huduma za majumbani alikuja kwa pikipiki na chupa ya mofini ya maji. Mimi, mwalimu wa biolojia, nikamwambia, "Dada, tusubiri kwanza." Niliogopa jina. Niliogopa mama atakuwa teja, niliogopa majirani, niliogopa kwamba kuikubali chupa ni kukubali kifo. Mama naye alisema mwanamke aliyezaa watoto saba hawezi kushindwa na maumivu. Nikajificha nyuma ya ushujaa wake kwa siku kumi na moja. Nazihesabu hadi leo.

Siku ya kumi na mbili usiku alilia, mama ambaye sijawahi kumwona akilia. Nikatoka nje, nikaketi ukutani, na akili ikanipeleka Lerai: mnyama mwenye kigoda kilekile ambacho mama anacho, ambacho mwili wake uliumba wenyewe ili maumivu yapoe. Faru alinishangaza hadi nikakisoma kigoda chake. Mama nikamwacha.

Asubuhi nilimpigia muuguzi. Hakunilaumu. Alinifundisha kupima: kila baada ya saa nne, na ya kulalia iwe maradufu ili asiamshwe usiku wa manane. Akaniambia choo kitafunga, na nikajua sababu, maana vigoda hivyo viko kwenye utumbo pia, ndiyo maana Kosterlitz alianzia kwenye utumbo wa wanyama. Akaacha dawa ya kulainisha, akashauri na mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa. Kuhusu uteja alisema kwa upole kwamba mgonjwa wa saratani anayepewa kwa kipimo anatafuta nafuu, hatafuti ulevi, na kwamba mama ataishiwa maumivu kabla ya kuishiwa akili.

Mama alikunja uso kwa uchungu wa dawa. Akalala tangu saa nne hadi alasiri. Wadogo zangu wakawa wanaingia kimya kuangalia kifua chake kama kinapanda.

Alipoamka alijiinua kwa kiwiko, akatazama dirishani, akaniita.

"Baba, mbaazi za shamba la chini mmeshavuna?"

Hakuwa ameuliza habari za shamba kwa miezi miwili.

"Bado, mama."

"Mnangoja nini? Zitapukutika."

Nikachukua mundu, nikashuka shambani.